Mti Mmoja, Wenye Kuzaa

Aliyeanza kukuandika si mimi.
Alikuja bwana wa fidia, kalamu sikioni,
akakuzunguka mara moja, akajaza fomu:
mshelisheli, mti mmoja, wenye kuzaa.
Kisha akakutia alama nyekundu kifuani,
kimo cha mtoto wa darasa la pili.
Nikatia saini. Nasema mapema,
asije mtu akadhani nalia sina hatia.

Msumeno wa moto ulianza baada ya chai.
Adhuhuri inaadhiniwa, u magogo kumi na manne.
Niliyahesabu. Kuhesabu ndiko nilikofunzwa
na shangazi Mize, hapa hapa Gando, chini yako,
vidole kavipaka mafuta ya nazi utomvu usigande,
kisu kinamenya, mdomo unapima:
nane kwa nane, mwanangu,
na ukipungukiwa, usiibe.

Usiku ule nikakaa na daftari.

    Mti wangu wa kivuli, leo kwangu ni majivu,
    mshelisheli halali, matundaye si mabovu,
    umekatwa huna hali, mwili umejaa kovu,

Mshororo wa nne haukuja.
Nikasoma kwa sauti. Mizani imetimia.
Lakini hayo majivu yametoka wapi?
Hatukukuchoma. Ulipakiwa kwenye lori,
ukaondoka na majani yako mabichi yakiburura njiani.
Majivu yaliletwa na kina.
Na hilo "halali" ni kokoto nilizotia
kwenye pishi ya karafuu ili ijae.
Nimeiba, shangazi.

Nikafuta. Nikaandika kilichokuwepo tu:

tunda likianguka usiku juu ya bati, buu!
na baba kutoka chumbani, "Hilo la nani?"
na sisi, watoto sita chandarua kimoja, "Langu!"
kabla hatujajua kama bivu au limepasuka;
jani kavu likitembea uani
na Time akiapa kuwa ni mwizi, tena ana viatu;
ulimbo wa utomvu wako kwenye kijiti,
chiriku kanasa, nami nimeshindwa kumbandua
bila kubaki na manyoya yake.

Ndivyo ninavyokuandika sasa.
Kila neno nikilibandua kwako
linaniachia unyoya kidoleni,
ndege hayupo.

Haya hayana vina. Shangazi angesema si shairi,
ni maneno yaliyokosa pa kukaa.
Sawa. Na mimi nimekosa pa kukaa:
saa nne jua linaingia jikoni bila hodi,
linakalia mbuzi ya kukunia nazi,
nikihamisha kigoda linanifuata.
Pesa ya fidia ilinunua tangi la maji.
La buluu. Halina ubaya.

Zamani, nikisoma Unguja, nilipanga chumba Mikunguni.
Mwaka mzima sikuokota kungu hata moja.
Nikipita Mkunazini nikiinua macho
naona nyaya za umeme, na paka juu ya baraza.
Nilicheka wakati huo:
watu gani hawa wanaoita kisichoitika?

Mwaka wa tatu huu tangu uondoke.
Jana mke wa Kombo, aliyeolewa hapa
lami ikiwa imeshakauka,
alikuwa barazani na simu, anamwelekeza mama yake:
"Shuka Mshelishelini, mama.
Pale pale. Ukishuka tu utaniona."

Hakupata kukuona hata siku moja.
Hajui ladha yako kwa tui, wala kwa jivu la moto,
wala kelele zako juu ya bati.
Kakutaja kama anayetaja msikiti au duka,
kitu kilichopo, kisichohitaji kuulizwa.

Nikaitua ndoo. Nikahesabu kwa vidole
vilivyolowa, visivyo na mafuta:
m, she, li, she, li, ni.
Sita. Hazijazi hata kipande kimoja.
Zimepungua mbili.
Nimeziacha hivyo hivyo.