Dakika ya Arobaini na Moja

Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Arua,
kati ya fundi cherehani na muuza mihogo mikavu.
Kompyuta moja, feni isiyozunguka,
na waya wenye midomo saba ya kunyonyesha flashi.
Sinema moja shilingi mia tano. Msimu mzima, tuelewane.

Watu hawaji kununua tu. Wanakuja kubishana.

Muuguzi Candiru, akitoka zamu ya usiku,
macho mekundu, gauni bado linanuka dawa:
"Nipe ya yule mpelelezi mwanamke, msimu wa nne.
Na wewe Dradria, funga domo.
Ukinitolea siri muuaji ni nani,
siku ukianguka na pikipiki nitakushona bila ganzi."

Dradria anacheka. Hana haja na muuaji wala mpelelezi.
Yeye ni mtu wa filamu za kweli za michezo:
mwogeleaji asiyesikia,
bondia aliyeuza mkanda ili amzike mama.
"Hizi," anasema akigonga meza yangu,
"hazina mtu wa kuzitungia mwisho.
Mwisho umejitunga wenyewe, na bado unakaa roho juu."

"Mwisho unaojulikana!" Candiru anamkata.
"Unatazama mechi ya miaka thelathini iliyopita
ukimwomba Mungu mpira uingie. Una akili wewe?"
"Na wewe unamlilia maiti
atakayeamka, anawe rangi, akale chapati."

Mimi nanakili tu. Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo.

Mzee Ondoma, mlinzi wa ghala la tumbaku,
huja Ijumaa, flashi kaifunga kwenye kitambaa
kama senti za sadaka.
Kwake tamthilia ni moja: ile ya Kituruki, ya hospitali,
ambamo daktari keshakufa mara mbili.
Mtafsiri wa Kampala kambandika daktari jina la Ssalongo,
na mzee humtaja Ssalongo kama jirani anayemdai.
Michezo?
"Nilishaona watu wakikimbia," hujibu.
"Walikuwa wanakimbia risasi."

Mwezi wa sita Dradria akaleta filamu mpya,
ya timu ya kiwanda cha pamba, zamani hizo,
vijana wa hapa hapa waliofika fainali
kisha vita vikawatawanya,
mmoja Koboko, mmoja Yei, wengine hakuna ajuaye.
"Weka kila flashi," akaniamuru, "hata ya asiyeomba."
Nikaweka. Hata ya mzee, chini ya daktari wake.

Ijumaa iliyofuata alisimama mlangoni, hakuingia.
"Nani kaniwekea hii?"
Nikadhani ananigombeza.
"Ifungue. Dakika ya arobaini na moja. Zima sauti."

Benchi. Picha nyeusi na nyeupe, yenye mvua ya mikwaruzo.
Kijana mwembamba kapiga goti,
anamfunga mwenzake kamba za viatu.
Sekunde mbili, labda tatu,
kisha kamera inaufuata mpira, kama kamera zote.

"Avutia alikuwa kavunjika mkono," akasema.
"Hakuweza kufunga. Mimi sikucheza hata dakika moja."
Akataka nirudishe. Nikarudisha.
Candiru kashika mkoba, kasahau kwenda kulala.
Fundi cherehani kasimamisha mguu.
Dradria, mwenye maneno ya kujaza tangi,
hakupata hata lita moja.

Nikarudisha mara tisa.

Sasa ukija kibandani kuuliza, "Wiki hii kizuri nini?"
sitakuambia fainali iliishaje.
Wala Candiru, aliyeigawa filamu hiyo wodi nzima, hatakuambia.
Tunasema tu: arobaini na moja,
chini, kushoto. Usitazame mpira.

Mzee mwenyewe haizungumzii tena.
Juzi kafungua kitambaa chake, kaweka flashi mezani,
kainama kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa kweli:
"Ssalongo je? Amefufuka?"