Kinga na Kinga

Chiromo, ghorofa ya pili, saa moja kasorobo asubuhi.
Daktari Morinaga anachemsha mizizi
mpaka maji yapungue nusu,
kama alivyofundishwa na mama yake kule Toyama:
mdalasini, tangawizi, urukususu,
na vijiti vya mtambaazi wenye miiba iliyopinda kama kulabu.
Harufu inashuka ngazi.
Lekishon, askari wa langoni, anapanda na kikombe mkononi:
"Syombua, hiyo chai ni ya nani?"

Si chai. Ni kampo.
Nami nina vishimo tisini na sita katika sahani ya plastiki,
na katika kila kishimo seli za neva
zimenyoosheana mikono,
myembamba kuliko uzi wowote wa dukani.
Safu ya kwanza naipa dawa leo, sumu kesho.
Safu ya pili sumu leo, dawa kesho.
Safu ya tatu sumu tupu, Mungu anisamehe.

Baba yangu anaitwa Mutunga.
Miaka thelathini na mmoja ameshona majoho ya mahafali
katika chumba kimoja Kariokor.
Wapo madaktari jijini humu aliowavisha
kabla hawajavaa makoti meupe.
Sasa sukari imemla vidole kwa ndani.
Anasema miguuni amevaa soksi za sufu
asizokumbuka kuzinunua, wala hajui zinavuliwaje.
Juzi pasi ilimuunguza kiganja,
akajua kwa harufu.
Mutunga, na hawezi kutunga uzi.

Ijumaa nilitia chupa ndogo mkobani,
vijiko viwili vya mabaki.
Daktari aliniona. Hakunikaripia.
Aliwasha kompyuta, akanionyesha safu ya kwanza:
mikono bado imeshikana.
Safu ya pili: vipande, vumbi, nyuzi zilizokatika.
Akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno,
"Dawa hii inafunga mlango. Haijengi nyumba."
Akanyamaza. "Na sahani si mtu, Syombua. Bado hatujui."
Nikaimwaga sinkini. Nikaisuuza chupa mara tatu,
kama kanuni zinavyotaka.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Walimaanisha kuni, najua, vijinga vya motoni.
Lakini siku hizi nikisikia kinga
nauliza: kabla, au baada?

Jioni Baba akaniuliza,
"Haya, huyo Mjapani wako amegundua nini?"
"Amegundua kuwahi, Baba."
Akacheka hadi akakohoa.
"Hilo hata mimi nalijua. Joho likichelewa
ni kitambaa cheusi tu."

Nilikuwa nachota sukari, kijiko cha tatu,
aliponyoosha mkono
akafunika kikombe changu kwa kiganja.
Hakusema neno. Kijiko kikabaki hewani.
Mvuke ulikuwa unamchoma, naye hajui,
ananitazama tu, macho makavu, kama fundi anayepima bega.

Nikauondoa mkono wake polepole.
Nikarudisha sukari mkebeni.

Kisha nikavuta taa karibu
nikamtungia sindano kumi na mbili, za kesho,
nyuzi nyeusi zote,
nikazichomeka mstari mmoja kwenye kijimto
mahali ambapo macho yake yatazikuta
vidole visipozikuta.