Daftari la Pili

Wajomba walipogawa vya mama, pale Kitangari,
mikorosho thelathini na miwili ilikwenda kwa Dadi,
aliyenunua salfa miaka yote ya ugonjwa.
Mimi, kwa kuwa ni karani na nina mshahara,
nikapewa jiko.

Jiko la udongo. Masizi yameshika fito
mpaka zinang'aa kama mwari aliyepakwa mafuta.
Nilikwenda kulibomoa. Nilitaka miti yake nijengee choo.

Juu darini, moshi ulikokuwa mzito,
vibuyu kumi na kimoja,
midomo imezibwa kwa nta na majivu,
kila shingo na uzi wa kanga, kila uzi na mafundo:
matatu, manne, kingine saba.

Mama hakujua kusoma.
Nami ninayejua kusoma, nilishindwa kuyasoma.

Kule chamani, mezani kwangu, lipo daftari la kwanza:
jina la mkulima, magunia, kilo, daraja, makato.
Ipo mizani inayokubali kitu kimoja tu.
Siku ya mnada watu hushika vichwa, au hupiga vigelegele,
kisha pikipiki mpya zinapanda mlima kwenda Newala
na unga unashuka kwa lori kutoka Songea.
Hatujaandika popote kwamba ugali tunaununua.

Nikazibua cha kwanza: mtama, mwekundu, umelala majivuni.
Cha pili, njugumawe, nyeupe zenye jicho jeusi,
zikanitazama.
Cha tatu vumbi. Wadudu walinitangulia.
Cha nne vumbi.
Nikaketi kwenye figa, mikono imejaa unga wa kitu
ambacho hakitaliwa tena na mtu.

Hapakuwa na mmoja aliyejua vyote.
Fatu Chingwele alizijua kunde: hizi ni Toa-Aibu,
mgeni akikukuta mwezi wa tatu, chungu hakikuumbui.
Kijana muuza chipsi pale stendi
alitafuna punje ya mtama, akanyamaza,
akasema, "Huu bibi alinipikia uji, nilipokuwa na surua."
Na mafundo aliyafumbua Sharifa, mtalaka wa Dadi,
ambaye hatukumwalika hata arobaini:
"Ni miezi, wifi. Miezi ya kukaa shambani.
Saba ni mbaazi. Mama alinifundisha mimi
kwa sababu wewe ulikuwa shule."

Cha kumi na moja uzi wake hauna fundo.
Punje ndogo, za kijivu, nyepesi kama kucha.
Fatu hazijui. Sharifa hazijui. Kijana alitema.

Mvua ilianza, ikatudanganya, ikakatika siku ishirini na mbili.
Mahindi yangu ya paketi yalijikunja kama sigara.
Mtama wa mama ulisimama tu, umenuna,
kama mtu aliyeambiwa asubiri na akasubiri.
Njugu zilijificha chini, hazikutaka kuonekana.
Mbaazi sisemi kitu: fundo lake la pili bado.

Sikubomoa jiko. Kila jioni nakoka moto
hata siku ambayo sina cha kupika.

Nimenunua daftari la pili, la kurasa arobaini na nane.
Halina daraja, halina makato.
Jina. Mbegu. Kikombe kimoja; arudishe kimoja na nusu.
Asiyevuna, arudishe habari.
Sharifa ndiye wa kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe.
Dadi alikuja usiku kukopa nusu kikombe cha njugu,
akasema ametumwa na jirani.
Nikaandika: *jirani*.

Za kijivu nilipanda nusu, nyuma ya bafu, yanapomwagika maji.
Nusu nimezirudisha kibuyuni.
Zimeota tatu. Majani matatu matatu, yana vinyweleo.
Fatu anasema ni aina ya choroko. Sharifa anasema nenda zako.
Kwenye mstari wake nimeandika tarehe
na mahali pa jina nimepaacha wazi,
upana wa vidole vinne,
isijekuwa jina ni refu.