Kijinga cha Moto

Julai, upepo wa Kongwa hauulizi nani yumo ndani.
Unapita chini ya mlango, unafukua majivu,
unakagua sufuria moja moja kama karani wa sensa,
kisha unalala miguuni petu, baridi kama chura.

Alfajiri ng'ombe wanatoa moshi puani.
Watoto wa shule, magoti meupe kwa ukavu,
wanakimbia ngumi zimefichwa ndani ya mikono ya sweta.
Mwalimu Chiwanga anafundisha kajitanda shuka la kitandani
na hakuna anayecheka.
Ukicheka, meno yanagongana.

Mwezi huu ni wa kubangua karanga.
Tunakaa uani kwa Eunike, upande jua linapoanzia,
likisogea tunasogea nalo,
debe, ungo, watoto, maneno,
hadi jioni tumeuzunguka ukuta mzima wa tembe lake.
Vidole vinapasuka. Anayesimulia vizuri habangui sana;
tunamsamehe, tunambangulia.

Msimulizi wetu ni Damari.
Mwaka huu hakuja.

Kisa ni mbuzi.
Mbuzi wake alipanda juu ya tembe langu
akala mlenda wote niliouanika,
mlenda wa kutuvusha hadi mvua za Desemba,
akasimama kule juu akinitazama, anatafuna,
utadhani mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.
Nikasema la mbuzi.
Kisha, kwa kuwa ulimi wangu nao haukuwa na kamba,
nikasema la mwenye mbuzi,
nikamgusa na mwanawe, Masaka,
aliyekwenda Mirerani kwenye machimbo
na simu yake haiiti tena.

Hilo la mwisho nililisema taratibu.
Ndilo lililofika mbali.

Wiki tano.
Tukipishana kisimani, kila mmoja anasoma ndoo yake.
Kanisani alihama benchi.
Uani kwa Eunike tulizungumzia bei ya alizeti,
tukazungumzia bei ya alizeti,
magunia yakajaa upesi kuliko mwaka wowote
na hakuna aliyeyasifu.

Jana usiku moto wangu ulikufa.
Ulikufa wenyewe. Msinichunguze.
Nilijifunga khanga mbili, nikavuka uwanja,
mchanga unanipiga usoni, nyota zimekaza macho.

"Hodi."
"Nani?"
Sauti yangu anaijua tangu tulipokuwa tunachunga ndama.
"Mimi. Naomba kijinga cha moto.
Kiberiti changu kimelowa."

Kimya.
Mbuzi akakohoa zizini, mshenzi yule.
Kisha kutoka gizani:
"Kimelowa. Julai. Hapa kwetu."

Nikamsikia anakizuia kicheko
kama mtu anayezuia mlango usisukumwe na upepo,
bega, goti, mgongo,
na mlango ukamshinda.

"Kijinga gani unataka," akasema akifuta macho,
"hiki, au kile ulichonitupia mwezi wa sita?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na karanga
mfukoni mwa sweta, konzi mbili, za mbegu.
Akazipokea, akazikaanga kwenye kigae,
akasogea kidogo, na mkeka ukawa na nafasi.

"Hajapiga?" nikauliza.
"Hajapiga."
Nikaweka mkono wangu juu ya wake.
Wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu,
yeye aliyekaa na moto usiku kucha.

Kijinga alichonichagulia, cha mgunga, kizito,
kilitulia kati yetu kikisubiri kubebwa
kikaisha hapo hapo, jogoo wa kwanza akiwika.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.
Nikakichukua kiberiti juu ya dirisha.
Njiti ya kwanza ikashika.