Sufi na Sufu

Sitadanganya: nilichagua kwa pua.
Bwana Hainsworth alitandaza vipande vyake mezani kwetu, Keighley,
kama muuza vitambaa, chai ikapoa pembeni,
na Shekue akavigusa kwa kidole kimoja
kama anayejaribu moto wa pasi.
Mimi nikaviminya. Nikavinusa.
Ni binti wa mshona magodoro wa Ngamiani, Tanga;
nani wa kunifundisha kitu laini?

Pamba ya kioo ilikuwa rahisi, ikaniwasha kiganja mpaka usiku.
Povu gumu lilinukia duka la viatu.
"Halipitishi kitu," akasema, akaligonga kwa ukucha,
nami nikatoa methali, kwa kujionyesha kidogo:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Shekue akamfasiria.
Hainsworth akacheka hadi akakohoa.
Mawe haya, alisema, yana miaka mia na thelathini,
yanavuta pumzi, yanatoa pumzi.
Ziba kila ufa, maji yabaki ndani,
na hapo ndipo utakapojenga ukuta.

Nikanyamaza. Methali yangu ikabaki juu ya meza
kama ufunguo wa nyumba nyingine.

Tena alikuwa anasema kweli. Chumba cha Rukiya,
upande wa kaskazini, kina kuvu nyuma ya kabati,
nyeusi, yenye manyoya.
Kila usiku huandika jina lake ukutani, kwa kidole, kwenye unyevu,
na asubuhi herufi zimeteremka hadi karibu na soketi.
Kikohozi chake nakijua kama saa:
saa nane, saa tisa,
kisha kengele yangu ya zamu ya alfajiri.

Kulikuwa na magazeti pia, yaliyosagwa, ya kijivu,
yametiwa chumvi fulani ya kuzuia moto.
Nikachambua konzi moja, nikakuta nusu ya tanzia:
mume mpendwa wa Doris, maua hayahitajiki.
Shekue akasema hapana, silali na marehemu ukutani.
Bei ikamjibu.
Akageuza bahasha ya benki, akapiga hesabu mgongoni mwake,
akafuta, akapiga tena.

Ndipo nikanusa sufu.
Mnyama, mvua, mafuta kidogo.
Nikamwona baba, mikono myeupe kwa sufi mpaka nyusi,
akimjibu mteja anayelalamikia bei:
"Ninakuuzia hewa, ndugu yangu.
Sufi ni ya kuizuia isitoroke."
Sufi, sufu. Irabu moja tu,
na viza tatu, na miaka kumi na minne.

Tukaafikiana: sufu kwa ukuta wa mtoto,
magazeti darini. Mume wa Doris alale juu,
sisi tulale chini, kila mtu na blanketi lake.

Kazi ilifanyika Juni, nami bado nimevaa soksi mbili.
Kabla mbao hazijafungwa Rukiya alitia mkono mpaka kiwiko,
akauliza: na kondoo mwenyewe?
Tukachungulia dirishani. Walikuwepo kule kilimani,
wamenyolewa, wembamba
kama watu waliovuliwa makoti langoni,
wameupa upepo mgongo.
Nikamwambia manyoya yataota tena,
naye akaniangalia kama anayehesabu chenji.

Sasa ni Januari. Mita ya gesi bado inakula,
ila inatafuna polepole.
Jana usiku akaniita. Nikakimbia, nikidhani ni kifua.
Kumbe amesimama juu ya kitanda, kidole ukutani,
anasugua, anasugua, uso umekunjamana:

"Mama, ukuta umekataa jina langu."