Kilomita ya Nne

Tulipanga sita, kilomita moja moja,
pumziko dakika mbili, si zaidi.
Tupokigwe ndiye mwenye mpango. Mimi nashika saa.
Juni, Iyunga, sakitu imeunguza majani ya viazi
na pumzi zetu zinatoka
kama moshi wa jiko lililowashwa na mtoto.

Ya kwanza alinivuta.
Ya pili alinivuta.
Ya tatu nilimsikia akihema, nikafurahi.
Mungu anisamehe, nilifurahi,
maana hata akitoka zamu ya usiku wodini
huniacha hatua kumi, kumi na tano,
na viatu vyake vya mtumba, vya bluu,
kamba moja nyekundu, moja nyeusi,
alivyovipigania bei pale Sido hadi muuzaji akacheka.

Ya nne ndipo reli.
Honi ilianzia mbali, upande wa Mbalizi.
"Tunawahi!" akapaza sauti bila kugeuka.
Yeye aliwahi.
Mimi nikabaki na kelele,
behewa baada ya behewa, shaba chini ya maturubai,
treni ikapunguza mwendo, ikalia kama mlango wa ghala,
ikasimama.

Ilisimama kweli kweli.

Watu wakajaa. Mama wa maziwa akatua ndoo.
Bodaboda mwenye lumbesa ya viazi akazima injini.
Wanafunzi wawili wa masweta ya kijani
wakatazamana: sababu ya kuchelewa imejileta yenyewe.
Juu ya behewa, mlinzi wa mzigo, kofia imemfika puani,
akanitazama nikirukaruka papo hapo nisipoe.
"We, unamkimbia nani?"
Nikakosa jibu. Saa inahesabu.

Nikainama.
Kati ya magurudumu, ng'ambo ya mataruma,
nikaviona: nyekundu, nyeusi,
vinapanda, vinashuka, pale pale.
"Tupo!" nikaita.
Ndivyo tunavyolikata jina lake, na ukiliita
ni kama unaitikia mahudhurio kwa niaba ya watu wawili.
"Nipo," akajibu. "Dakika ngapi?"
"Tisa. Usipoe."

Viatu vikapanda, vikashuka.
Kisha vikatulia.
Miaka minne, sijamwona Tupo akitulia
katikati ya kilomita.
Sauti yake ikapita chini ya shaba, imechafuka grisi:
"Nimepata uhamisho. Mpanda.
Barua ina wiki tatu mfukoni."

Wiki tatu. Nikahesabu asubuhi zetu:
tisa za barabarani, mbili za mlima Loleza.
Mlimani hana pumzi ya kusema, nikajiambia.
Uongo. Mlimani Tupo huimba.

"Lini?"
"Jumatatu."
"Mpanda kuna joto," akasema mama wa maziwa
ambaye hakuna aliyemuuliza,
na bodaboda akakubali kwa kichwa,
shemeji yake aliwahi kukaa huko.

Nilitaka kumuuliza huko atakimbia na nani.
Nikasema, "Kamba yako ya kushoto imelegea."
Akachuchumaa kuifunga. Nikaona mkono,
nikaona goti, na nusu ya uso
ukijifuta begani.

Treni ikashtuka. Mnyororo ukapokezana mshtuko
behewa hadi behewa, mlinzi akanipungia
kama tuliyejuana tangu utoto,
na la mwisho lilipopita
nafasi ikabaki wazi, pana kuliko nilivyoizoea.
Alikuwa amesimama, mikono kiunoni.
Saa: dakika ishirini na saba, sekunde kumi na nne.
"Usiifute," akasema.
"Zimebaki mbili."
"Mbili na nusu," akanisahihisha, mwenye mpango.

Wanafunzi wakatupita, wakitembea polepole kwa makusudi.
Tukaanza.
Nikangoja anivute.
Akakaa ubavuni,
kamba nyeusi upande wangu.