Kisu cha Siku Ishirini

Panga la marehemu nimelirudisha darini.
Refu mno. Nikipanda mtundu linanigonga goti,
na Novemba ile lilikata kamba
niliyokuwa nimeining'inia.
Shoka nalo, nikilifunga kwenye baiskeli,
linadai nafasi ya kilo tatu za unga,
na porini kilo tatu za unga
ni siku sita za kuishi.

Basi nikaenda Isevya, nyuma ya reli,
kwa Lugembe mhunzi.
Nataka kisu, nikamwambia. Kimoja.
Kisiwe cha kukunja: chenye bawaba
siku ya kazi ndiyo hukumbuka kujikunja.
Makali shubiri moja, basi.
Kipasue kuni, kichonge kigingi,
na sega kilikate bila kuliponda.

Lugembe akaacha mvukuto.
"Mama Sizya, unataka mbuzi
atoe maziwa, alinde mlango,
na jioni avute mkokoteni."
Lakini akatandika gunia, akaweka viwili.

Cha kwanza kinang'aa kama jino la dhahabu;
nilijiona humo, mimi na kilemba changu.
Meno ya msumeno mgongoni,
dira kwenye kitako cha mpini.
Nikaifungua dira: mpini mtupu ndani,
na kilichoshika chuma chote kile
ni nati moja, ndogo kama hereni.
Dira ikasema kaskazini ni chooni kwa Lugembe.
Nikakirudisha.

Cha pili chembamba, kinanyoa malaika ya mkono.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Sawa. Mimi siendi kula nyama.
Nikakisimamisha juu ya kipande cha mkurungu,
nikakigonga mgongoni kwa kirungu,
mara moja, mara mbili,
ya tatu kikatoka na pengo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
"Hicho utakilipa," Lugembe akanuna.
Nikamlipa nusu.

Cha tatu hakukitandika.
Nilikiona mwenyewe, kimezuia mlango usijifunge.
Cheusi, kina makovu ya nyundo,
chuma cha springi ya lori
lililofia njia ya Ipole.
Uti wake mnene, haukuomba radhi.
Chuma kimepita mpini wote hadi nyuma,
unakiona kwa jicho, kimeshikwa na riveti tatu za shaba;
na mbele tumbo limevimba kidogo,
mimba ya miezi mitano,
uzito umekaa huko: kikishuka kinajua njia.

Nikagonga.
Mkurungu ukalia, ukakataa,
ukafunguka.
Wekundu wa ndani haukuwa umeonwa na mtu.

"Hicho si cha kuuza. Nilimfulia Kapaya."
Kapaya yuko Dodoma, anaendesha bodaboda,
alikiangalia mara moja tu akauliza bei ya simu.
Tulinyamaza kidogo, mimi na baba yake.
Treni ya mizigo ikapita, mabehewa mengi,
na lilipoisha la mwisho akasema:
"Lita tano. Asali mbichi, isiyochemshwa.
Utakaporudi."

Siku ya tisa mvua ilinyesha usiku kucha.
Kila ukuni niliougusa ulikuwa sifongo.
Nikachukua gogo la paja langu,
nikaweka kisu, nikagonga, nikageuza, nikagonga,
nikalimenya hadi moyoni,
na moyo ulikuwa mkavu.
Moto ulishika kwa njiti ya pili.

Asubuhi nikaufikia mzinga wa Mihambo,
ule wa mwisho alioutundika.
Alama yake ipo: mistari miwili na mkwaju.
Nyuki wametoka wakanitazama,
hawakunijua, au walinijua.
Sikuigusa alama. Chini yake, kwa ncha,
nikachora mstari mmoja, wangu,
umepinda kidogo kwa sababu ya tawi.

Kisu kina kasoro.
Mkono ukiwa na asali, mpini unateleza.
Nimeuzungushia mpira wa tairi la baiskeli.
Lugembe nitamwambia,
nikimpelekea lita nne na nusu.